Sekunde Kumi na Tano

Kaloleni, saa nne usiku, mwezi wa saba.
Baridi ya Meru imeshuka bila hodi
na wahudumu wamevaa makoti juu ya sare.
Natanua miguu mitatu ya stendi kando ya mtaro,
nafuta lenzi kwa pindo la fulana,
navuta pumzi, naizuia,
kisha naacha jicho la kamera wazi
sekunde kumi na tano.

Nimejifunza hivi: anayetembea hatoki.
Walevi wakivuka barabara wanakuwa moshi,
bodaboda ni uzi mwekundu usio na mwenyewe,
binti anayekimbilia teksi
anabaki kiatu kimoja, au hata hicho hakibaki.
Anayetoka ni aliyetulia.
Ndiyo maana katika kila picha yupo Loishorwa mlinzi,
rungu magotini, lubega mpaka puani,
ametoka mzima mzima,
utadhani mtaa ulijengwa ili yeye apate pa kukaa.

"Mimi usinipige uso," aliniambia Nakijwa
mwaka ule wa kwanza, chupa nne mkono mmoja.
"Nyumbani Same wanajua nauza duka la dawa."
Nikapiga mikono.
Ninayo mikono yake ya miaka sita:
inahesabu chenji, inafuta meza,
inamwonyesha mlango mteja aliyelemewa,
na ya mwisho imekunjwa, haina la kufanya.

Maana taa zilibadilika kwanza.
Zile za manjano, zilizomfanya kila mtu aonekane ana homa kidogo
na kila nyama imeiva,
ziling'olewa siku moja na vijana wa gari la ngazi.
Zikaja nyeupe. Usiku ukakosa mahali pa kukaa.
Kisha meza ya puli ikatolewa mlangoni kwa ubavu, kama mgonjwa,
zikaingia mashine za bonanza zinazocheka peke yao.
Kisha mabati ya bluu upande wa pili,
na nyuma ya mabati shimo,
na juu ya mabati mchoro wa ghorofa tisa,
watu wa kuchorwa, wenye meno meupe, wanakunywa kahawa
pale pale lilipokuwa jiko la mishkaki la Senzota.

Juzi nimekuta X nyekundu ukutani kwa Mama Aikaruwa.
Rangi bado inachuruzika.
Nikaipiga. Mungu anisamehe, ilipendeza.

Kesho yake akaja studio,
kitenge cha kanisani, bahasha ya kaki.
"Mwanangu, wewe ndiye umetupiga miaka yote.
Watu wa fidia wanataka picha.
Vyumba vitatu, choo, stoo, na kile kibanda cha kreti.
Waonyeshe kuta. Kuta tu."

Nikawasha kompyuta. Tukakaa mpaka chai ikapoa.
Picha elfu mbili na ushee.
Moshi wa watu. Uzi mwekundu. Mikono.
Mvuke wa sufuria ya supu saa kumi na moja alfajiri,
ule walionisifia sana.
Ukuta mzima? Hata mmoja.
Hapa umekatwa na bega, pale umemezwa na giza
nililolitaka mwenyewe.

Hakunilaumu. Alisogea karibu na kioo,
akaweka kidole kwenye kona moja nyeusi:
"Huyu marehemu Ndealilia. Si kofia yake hii?"
Miaka yote nilidhani ni kivuli cha nguzo.

Leo nimekuja mchana, mara yangu ya kwanza.
Jua la saa sita. Nakijwa ameshika futi kamba,
Loishorwa kashika ncha ya pili, anasinzia wima.
"Rudi nyuma, rudi, vyote vitokee," Mama anasema.
Narudi nyuma mpaka kisigino kinagusa mabati ya bluu.
Napiga.
Picha mbaya kabisa, bapa, haina siri:
nyufa, bomba la choo, X, kreti tupu,
na Nakijwa katikati, anakunja macho kwa jua,
hajaficha uso.