Magoti

Vaidotas anashika usukani kama mtu aliyepakata mayai.
Nimekaa kinyumenyume, nimeipa mgongo ngome ya Trakai,
kamera kifuani, viwiko vimebana mbavu.

Nyuma yetu, kwenye kamba ya mita kumi na nane,
Rasmantė anachana maji ya Galvė,
miaka hamsini na tisa,
goti moja la chuma.

Kile kifaa cha kutuliza picha kilizama Jumanne.
Nimebaki na magoti yangu:
yanajikunja, yanajikunjua, yanameza wimbi
kabla halijafika jichoni.

“Umenipata?”
Sijibu. Nimebana pumzi.

Usiku tunatazama. Ukingo wa ziwa umenyooka kama uzi,
naye juu yake, hatikisiki.
Mtikisiko wote niliumeza mimi:
hadi sasa
supu inamwagika kijikoni.