Sehemu ya Saba

Kwa mkuu wa shule na kamati yake,
huko juu Svaneti, ambako theluji hufunga barabara
hata kabla Desemba haijabisha hodi.

Jina langu Lamara Gulbani. Umri mmeuona.
Vyeti nimeambatisha: shahada ya hisabati, Kutaisi,
daraja la pili, lisilo na mbwembwe;
cheti cha ualimu, muhuri wake umefifia
kwa kuwa mkoba ulinyeshewa nami stendi ya basi.
Barua mbili za wadhamini. Ya tatu niliahidiwa.

Pale penye pengo la miaka miwili,
mlipoweka alama ya kuuliza kwa penseli
(nimeiona, aliyenirudishia fomu hakuifuta vizuri),
nilikuwa namlisha mama uji wa mahindi kwa kijiko.
Alilisahau jina langu. Jedwali la saba hakulisahau.
Saba mara nane? nikimuuliza,
na macho yake yanarudi nyumbani.
Sijui mtaiweka safu gani miaka hiyo,
ya uzoefu au ya likizo.

Sasa Sehemu ya Saba: Eleza falsafa yako ya ufundishaji.
Mmenipa mistari mitano.
Nimeandika "mwanafunzi ndiye kitovu", nikafuta.
Nimeandika "elimu ni mwanga", nikafuta;
mtaani kwetu mwanga hukatika kila Jumanne.

Basi niwaeleze Bagrat.

Darasa la sita, dawati la mwisho, kando ya jiko la kuni,
mikono inanuka jibini ya kondoo.
Jibu lake sahihi, njia yake haionekani:
karatasi tupu, kisha namba,
kama mtu aliyeruka ukuta usiku.
Nikampa sifuri. Wino mwekundu, sifuri ya mviringo,
nzuri, ya mtu anayeipenda kazi yake.
Mara kumi na moja. Nilizihesabu baadaye.
Msimu wa zabibu ulipofika akaondoka,
mimi nikaita jina lake wiki nzima, kisha nikaliruka.

Miaka sita ikapita. Sokoni, nyuma ya meza ya jibini,
gramu mia tatu na arobaini, kilo lari kumi na saba.
Nikatoa noti ya ishirini.
"Chenji yako kumi na nne na tetri ishirini na mbili,"
akasema, mizani bado inatikisika.
Kisha akaniangalia.
"Mwalimu," akasema, bila kinyongo,
na hapo ndipo paliponiuma,
"hukuwahi kuniuliza nilipitia wapi."

Nikamuuliza palepale, foleni ikinung'unika mgongoni.
Aliiona kumi na saba imejificha ndani ya mia tatu na arobaini,
akaivuta masikio kama sungura,
akaizidisha yenyewe kwa yenyewe, akaongeza maradufu,
kwisha.
Mimi nisingeiona. Nina shahada.

Tangu siku hiyo kalamu yangu ni ya bluu,
na mbele ya kila jibu, lililo sawa na lisilo sawa,
naandika neno moja:
Umefikaje?

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia.
Sawa. Lakini nani humngoja aliyepotea,
nani humuuliza, akitokeza na miiba kwenye soksi,
huko ameona nini?
Kazi ninayoomba ni hiyo.

Nimevuka mistari yenu, nimeingia pembezoni,
nimegeuza karatasi, samahanini.
Mkininyima kwa hilo sitagombana,
ila mniandikie, hata kwa penseli, mlifikaje.

Nina swali moja la mwisho:
jiko la darasani lina kuni, au nije na zangu?
Shemeji ana lori. Naweza kuanza Jumatatu.