Kumfungua Temuulen

Solongo anaanza na kamba ya nje,
ile ya sufu, yenye mafundo matatu.
Kisha blanketi zito. Kisha jepesi.
Kisha kitambaa cha maua kilichowahi kuwa gauni la mtu.
Nje ni Darkhan, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
moshi wa makaa umekaa juu ya mji
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.
Humu nimewasha hita mbili, godoro nimelipasha kwa viganja,
maana mtoto akilia kwa baridi
hanionyeshi mwili wake. Hunionyesha baridi.

Fomu inauliza umri.
Wiki ishirini na moja, naandika, halafu natoa tisa,
zile alizolitoroka tumbo bila kuaga.
Kumi na mbili, basi.
Bibi Dulmaa haipendi hesabu hii.
“Mtoto wa farasi husimama siku aliyozaliwa.
Huyu mnampunguzia hata siku alizokwisha kuishi.”
Sina la kumjibu. Nawasha kamera.

Dakika tatu.
Asiguswe, asiitwe, asitikisiwe njuga.
Miaka kumi na minne katika kazi hii,
na lililo gumu bado ni kutia mikono mfukoni.

Natafuta kitu kidogo.
Si teke. Si kujinyoosha.
Ni kule kuchezacheza kwa viungo,
kifundo, bega, shingo,
kama maji ya sufuria kabla hayajachemka,
kila tone na safari yake.
Yakiwapo, usiku nalala.
Yasipokuwapo, namwandikia barua daktari wa neva
na kuichana, na kuiandika tena.

Dakika ya kwanza amelala kana kwamba bado amefungwa.
Ya pili, anapiga chafya.
Solongo ameuma ncha ya kamba.
Kisha kifundo cha mkono wa kulia. Vidole viwili. Bega.
Mguu, na mguu mwenziwe.
Kisha mkono wa kushoto:
kidogo,
kivivu,
upo?

Narudisha picha. Narudisha tena.
Kulia maji yanakaribia kuchemka,
kushoto kuni mbichi.
Siwezi kusema ndiyo, wala hapana,
na nimejifunza kulisema hilo
bila kuangalia dirishani.

“Wiki mbili,” namwambia Solongo, “tumtazame tena.
Hadi hapo, mlaze kifudifudi juu ya kifua chako,
mara nyingi, kidogo kidogo, akichoka mgeuze.
Zungumza naye ukiwa upande wa kushoto.
Kidole chako kiweke kwenye kiganja hicho, usikivute.
Ngoja akutafute yeye.”

“Na kumfunga?” anauliza bibi. Sauti yake imejiandaa kwa vita.
“Mfungeni, njia ni ndefu.
Ila asubuhi jiko likishika moto,
mwacheni wazi, apigane na hewa.”

Ananitazama kitambo. Kisha anapiga magoti,
magoti yanalia kama mlango,
anamfunga mjukuu kwa mpango wake:
kitambaa cha maua, jepesi, zito.
Mkono wa kulia anaulaza chini, ubavuni.
Wa kushoto anaukunja juu, chini ya kidevu,
mahali kamba inapoanza kufunguka.

“Huu,” anasema, akikaza fundo la tatu,
“kesho utatoka wa kwanza.”