Saa za Kitabu

Kenta yangu ilipanda jeki saa tatu kasoro kumi.
Nilikuwa nyuma ya kioo, kwenye kochi la wageni,
na kikombe cha chai ambayo hakuna aliyenidai.
(Nadhani niliikuta baadaye kwenye ankara, imebadili jina.)
Saa sita, kengele ya shule ya jirani ikilia,
kenta ilishuka.
Klachi mpya. Haina neno.
Inashika kama mkono wa mtoto sokoni.

Kisha karatasi.
Ufundi, saa sita na robo.
Kila saa, elfu sabini.
Na kodi juu yake, kofia juu ya kilemba.

Nikahesabu kwa vidole, vikagoma.
Nikahesabu kwa simu.
Saa tatu na dakika kumi nilizikaa mwenyewe,
nazijua, zimenifinya kiuno.
Nikamuuliza Evodius wa mapokezi:
hizi nyingine zilifanyika wapi, Ukerewe?

Akaigeuza kompyuta niione.
"Mama Nyanjige, saa tunazitoa kwenye kitabu.
Mwenye kiwanda ndiye aliyepima.
Fundi akiwa mwepesi, sita na robo.
Akilala humo chini mpaka kesho, sita na robo.
Hatukuuzii muda. Tunakuuzia kazi."

Neno lile lina uzito, sikulikataa.
Kwa Mabula, pale Mabatini, niliiacha kenta siku tatu;
akanidai elfu themanini na soda,
akanirudishia gari na nati mbili mkononi:
"Hizi zimezidi, mama."
Kufika Magu, nikajua zilikotoka.

Na mimi je? Mwaloni kila asubuhi
mtu anashika dagaa, anawanusa, ananiuliza
ziwa nimelilipia shilingi ngapi.
Namwambia: hununui ziwa. Unanunua usiku,
giza la Goziba, taa, mafuta, jua la kuanikia,
na ile mvua ya Jumatatu iliyonifanya nimwage nusu.
Kwa hiyo nami nauza kisichoonekana.
Ila usiku ninaouuza
kuna mtu aliukesha.
Hii saa ya nne, ya tano, ya sita na kibaki chake,
ni nani aliyeiishi?

Lushinge, aliyelala chini ya kenta yangu,
nilimkuta getini anakula muhogo wa kuchoma,
grisi mpaka kwenye kope.
"Zile saa tatu zilizobaki walikupa wewe?"
Akatafuna kwanza, ndipo akacheka.
"Mama, mimi nalipwa mwisho wa mwezi.
Saa sijawahi kukabidhiwa."
Akanimegea kipande.

Mizani yangu, kila mwaka,
mkaguzi huijia na mawe yake ya shaba.
Anapima, anainama, anagonga muhuri.
Ikiongopa gramu hamsini naitwa mwizi mbele za watu,
na faini juu.
Kitabu chao niliomba nikione.
"Kipo kwenye mfumo," alisema Evodius kwa adabu,
"na mfumo haufunguki kwa mteja."

Nililipa.
Magunia arobaini yalikuwa yananingoja
na dagaa hawajui kungoja.
Sisemi wameiba. Nimesimama nyuma ya meza miaka kumi na tisa,
najua mwenye duka naye ana kodi, ana umeme,
ana kioo kile cha kufutwa kila siku.
Ila kama kitabu ni cha haki
kiwekwe kaunta, kama mizani yangu,
mshale uonekane pande zote mbili.

Diski ya zamani niliidai, wakanipa ndani ya boksi.
Iko hapa, chini ya meza, imeliwa mpaka kwenye riveti.
Mteja akibisha bei
huwa naipakata kidogo
kabla sijamjibu.