Kugeuza Unyayo

Wahenga walisema nzi kufia kidondani si haramu.
Hawakumjua huyu wa kwetu, kaskazini ya Uruguay,
mgongo wa bluu kama chupa, macho rangi ya tofali.
Huyu hafii kidondani. Huyu huja kujifungua.
Mkwaruzo wa waya unamtosha,
tundu la kupe linamtosha,
na kitovu kibichi cha ndama, Januari,
jua likiwa limeyalalia malisho,
hicho kwake ni wodi ya wazazi.

Tulimjua ndama kwa harufu kabla ya kumwona.
Alijitenga, akijilamba, akigeuka kujilamba tena,
mama yake amesimama mbali kama mdeni.
Baba alimlaza, akamkalia shingo.
Kidonda kilikuwa kinapumua.
Funza walikuwa vichwa chini, mikia juu,
wanakula nyama nzima, si iliyooza,
wamekaza kama skrubu kwenye mbao mbichi.

Chupa ya dawa ilibaki na harufu tu.
Mwenye shamba alikuwa Montevideo, hapokei simu.
Basi akaitwa Zulma Arrambide,
mchinja kuku wa kule kwenye reli,
akaja kwa pikipiki, helmeti imening'inia mkononi.
Hakumgusa ndama. Hata kumtazama, hakumtazama.
Aliuliza rangi yake tu, na wapi alielekea alipokunywa maji.
"Kahawia, paji jeupe. Kwenye mikaratusi."
Akautafuta unyayo topeni kando ya birika,
akaukata kwa kisu pande zote nne
kama akataye keki,
akaunyanyua na nyasi zake, akaupindua:
majani chini, mizizi juu, juani.
Alisema maneno kwa pumzi tu.
Nilisogea. Akanyamaza.
"Yakisikika yanamwagika."

Siku ya tatu funza wakaanguka
kama chenga za mchele.
Baba akampelekea Zulma jogoo.
Mimi nilikuwa na miaka tisa na usingizi mwepesi;
nilimwona baba usiku ule wa kwanza,
kandili kaifunika kwa shati,
akimimina kreosoti kidondani,
akimtuliza ndama kwa goti na kwa matusi ya upole.
Hakumwambia Zulma.
Nami sikumwambia baba kwamba najua.

Sasa mimi ni daktari wa mifugo.
Nina mirija ya spiriti yenye lebo.
Nahesabu pingili za funza chini ya hadubini,
nafundisha watu: kagueni vitovu, msikate pembe wakati wa joto.
Machi hii wakanipigia kutoka hospitali ya Tacuarembó:
Odilón Bentancur, miaka sabini na minane,
lango lilimpiga kichwani,
akavaa kofia juu ya jeraha, akakaa kimya siku tano.

Muuguzi aliwatoa kwa kibano, mmoja mmoja.
Baba alihesabu kwa sauti,
vile anavyohesabu kondoo mlangoni pa zizi.
Arobaini na watatu.
"Wamo wengine," alisema. "Nawasikia wakitafuna."
Kisha, macho ukutani:
"Fika nyumbani kabla ya mvua."
Hakusema nikafanye nini.

Kilomita sitini, wingu kwenye kioo cha nyuma.
Unyayo ulikuwa pale langoni, wa buti la kulia,
kisigino kimelika upande mmoja.
Niliukata pande nne. Mizizi ilishika, ikashika, ikaachia.
Nikaupindua.
Maneno sikuwa nayo; Zulma alikufa nayo.
Nikataja kwa pumzi ng'ombe wote aliowahi kuwapa majina,
Paloma, Chispa, Mora, Mora wa pili,
na yule ndama ambaye hakuwahi kupewa jina,
na nilipokwama nikataja dozi:
miligramu ngapi kwa kila kilo.

Nzi mmoja akaja, wa kawaida, wa jikoni,
akatua kwenye bapa la kisu,
akasugua mikono.