Nyuma ya Chujio

Huku Isamilo ziwa lote liko chini yetu,
tamu, la bure,
nami napima chumvi kwenye ndoo
kijiko kwa kijiko.
Shemeji Lugembe hajaacha kucheka:
"Mwanza hii, unanunua chumvi ya kuharibia maji?"

Mayai niliyaona, yamegandia kigae,
rangi ya papai.
Nikahesabu siku. Kisha nikaacha kuhesabu:
wakubwa walikula walichokula,
na Jumanne umeme ukakatika hadi alfajiri,
nikawapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli
mpaka mkono ukafa ganzi.

Leo nafungua chujio nilisafishe,
Misoji ananidaka kiwiko:
"Mama, huo uchafu una macho."

Unayo.
Mawili, na nyuma yake
mwili kama ukucha uliokatwa,
unahangaika palepale penye giza
ambapo hatukuwahi kutupa hata punje ya chakula.

Sifongo nimeirudisha ilivyokuwa, na uchafu wake.
Jina hatujampa.

Jioni Lugembe kapiga simu:
"Nasikia mmevua. Kilo ngapi?"

Nikamwambia bado,
hajafikia hata uzito wa swali lako.