Kufuli Lililofunguliwa kwa Adabu

Mchana nauza makufuli Makoroboi,
mezani, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu:
la shaba, la Mchina, lile kubwa la ghala la dagaa.
Namwambia kila mteja, hili, mama, ni usingizi wako.
Usiku ule nilikwenda kufungua usingizi wa mtu.

Walikuja wanne. Aliyesema alikuwa mpole,
akanipa pole kwa kuniamsha,
akauliza hali ya mguu wangu.
Nikasema, hati ipo?
"Itafuata," akajibu,
kama anayezungumzia mzigo uliobaki stendi ya Nyegezi.

Nisijifanye shujaa. Sikukataa.
Mwezi uliotangulia kifurushi kilikutwa kivukoni Kamanga,
chini ya benchi, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Feri ikazuiwa. Watu wakakimbia wakiacha ndala.
Binti yangu Ng'washi, anayevuka kila siku kwenda kufundisha,
alinipigia simu asiseme kitu;
nikasikia maji tu, na pumzi.
Kilikuwa na nini, hatukuambiwa.
Jioni hiyo kibarazani mimi ndiye niliyepaza sauti:
wapekue wote, wasikilize simu zote,
mwenye mikono safi aogopeje sabuni?

Basi tukapanda, kutoka kwangu karibu na reli,
ngazi za mawe moja baada ya nyingine,
tochi zikitazama chini.
Anayeijua Igogo anajua tunavyolala:
nyumba imeegemea jabali,
jabali limeegemea hatujui nini.
Linakata upepo wa ziwa, linatupa kivuli,
nasi tunapaka chokaa ubavu wake, tunauita ukuta.
Hakuna anayeuliza kama linatulinda
au limekawia tu kuporomoka.

Kufuli lilikuwa langu. Nililijua kwa vidole,
kabla ya mwanga: alama yangu ya msasa pembeni.
Niliuza kwa elfu kumi na mbili, nikaapa halifunguki.
Lilichukua muda wa kumeza mate mara mbili.

Malimi alikuwa amelala na fulana ya kazi.
Fundi wa injini za boti, nani hamjui pale Mwaloni?
Wakaandika walichokiona.
Nyaya, mita saba.
Petroli, jerikani moja.
Ramani ya ziwa, kisiwa cha Kome kimezungushiwa wino.
Kila neno lilikuwa kweli.
Lakini karatasi haina pua,
haikusikia chumba kizima kilivyonuka kazi.

Mama yake, Bi Nyamizi, aliuliza neno moja: "Wapi?"
Yule mpole akasema, "Atarudi."
Mimi nikalipwa elfu thelathini, nikatia sahihi.
Katika usiku mzima ule
kitu pekee chenye hati kilikuwa malipo yangu.

Labda Malimi ana jambo. Sijui.
Hilo ndilo linalonitafuna, kwamba sijui,
na wa kuniambia alikuwa hakimu,
na hakimu alikuwa amelala,
hakuna aliyepanda kwenda kumgongea yeye.
Niliyeamshwa ni mimi.

Leo siku ya kumi na tisa
Bi Nyamizi amekuja mezani. Hakulia.
Amelitua kufuli juu ya kitambaa, taratibu, kama yai.
"Halikuvunjwa," amesema. "Limefunguliwa kwa adabu.
Mwanza hii ina mafundi wangapi wenye adabu hiyo?"

Upepo ukaupiga mwavuli.
Mteja mwingine akasubiri, akaondoka.
Ndipo akafungua pindo la kanga, akahesabu noti,
akaniuliza bei ya kufuli
ambalo mimi siwezi kulifungua.